Baada ya kiharusi, upe mkono dhaifu kazi

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani kutoka hospitali, familia nzima humhudumia. Huyu anamlisha, yule anamfunga vifungo vya shati, na kidogo anachojifanyia mwenyewe anakifanya kwa mkono uliobaki mzima. Miezi inapita, mkono uliopooza umelala mapajani, na wote wanaamini ndiyo basi tena.

Si lazima iwe basi. Kiharusi hujeruhi sehemu ya ubongo inayouamuru mkono. Misuli yenyewe ipo. Siku za mwanzo mgonjwa hujaribu, akadondosha kikombe, akaona aibu, akaacha kujaribu. Ubongo nao unazoea kutoutumia mkono huo, hata uwezo kidogo unapoanza kurudi.

Mtafiti Mmarekani, Edward Taub, aliliona hilo kwanza kwa tumbili: aliyepoteza hisia za mkono mmoja hakuutumia tena, lakini ule mzima ukifungwa, aliutumia. Ndipo ikaja tiba ya kuuvisha mkono mzima glovu nene karibu muda wote mgonjwa akiwa macho, kwa wiki 2, huku ule dhaifu ukifanyishwa mazoezi kwa saa kadhaa kila siku. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 222 waliougua miezi 3 hadi 9 kabla. Waliopata tiba hii waliendelea vizuri zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Haimfai kila mtu. Mgonjwa awe anaweza angalau kuinua kiganja na kukunjua vidole kidogo, kwa hiyo muulize kwanza mtaalamu wa fiziotherapia. Glovu ivuliwe anapotembea, anapopanda ngazi au akiwa karibu na jiko, maana akiteleza atauhitaji mkono huo kujishikilia.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kuchambua maharage, kukunja kanga, kuokota vizibo vya soda na kuvitia kwenye bakuli, tena na tena. Kazi iwe ngumu kidogo tu kuliko anavyoweza.

Kwetu sisi ndugu, kukaa pembeni ndiyo shughuli pevu. Akihangaika na kijiko dakika tano, mwache, chai ipoe. Ila unapomwinua kitandani usimvute kwa mkono uliopooza. Misuli ya bega lake ni dhaifu, hailishikilii vizuri, na likianza kuuma hatakubali mazoezi tena.