Nje ya Tarime Ni Wapi? Utangulizi kwa Anayeanza Kusoma Hawala

Mzee mmoja wa Tarime, askari mstaafu, huhifadhi karatasi zake kwenye kopo la Blue Band. Siku aliponiruhusu kulifungua nilikuta risiti za kodi, kadi ya chama na vipande vitatu vya karatasi vilivyopauka, kila kimoja na muhuri wa duara wa posta. Stakabadhi za mani oda. Moja ilikuwa ya karo ya mdogo wake, aliyekuwa akisoma upande wa Kenya. Nikamwuliza kama haikumpa taabu kupeleka fedha nje ya nchi. Akaniuliza nje gani. Yeye alikwenda posta tu.

Swali lake ndilo ninalokukabidhi wewe unayeingia katika taaluma hii. Wengi huja wakidhani tutasoma habari za benki, riba na viwango vya fedha za kigeni. Hayo yatakuja. Lakini aliyetumwa Tarime au Serengeti kuuliza watu wanavyopeleka fedha nje atagundua mapema kwamba neno "nje" halijakaa mahali pamoja.

Tazama historia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Tanganyika miaka ya mwanzo ya 1920. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawekwa chini ya usimamizi mmoja. Kwa mtu wa Tarime, Kisii ya Kenya ilikuwa posta nyingine ya shirika lilelile, kama Musoma, na shilingi ilikuwa moja. Mwaka 1966 kila nchi ikachapa fedha yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la posta likagawanyika pamoja nayo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Hakuna Mkurya aliyehama nyumba kwa sababu ya tarehe hizo. Wakurya wa koo za Wairege na Wanyabasi walikuwa pande zote mbili kabla yake na wako pande zote mbili leo. Ila shemeji aliyekuwa jirani aligeuka kuwa mtu wa ng'ambo, na fedha aliyokuwa akipelekewa kupitia dirisha la posta ikawa inapita gizani, mfukoni mwa mtu, kwa njia za panya. Mwaka 1983, mpaka ulipokuwa bado umefungwa, ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na noti za nchi nyingine ndani ya nyumba zikawa kitu cha kuogopwa. Wazee wakikusimulia miaka hiyo, sikiliza wanavyopunguza sauti mpaka leo.

Sasa turudi dirishani, maana mani oda ni chombo chenye akili kuliko kinavyoonekana, na vijana wengi hawajakiona kikifanya kazi. Mtumaji anajaza fomu: jina lake, jina la mpokeaji, na posta ambako fedha italipwa. Anatoa fedha pamoja na ada. Karani anampa hati, naye mtumaji anaitia kwenye bahasha na kuituma mwenyewe kwa mpokeaji. Wakati huohuo karani anatuma karatasi ya pili, kimyakimya, kwenye ile posta ya kulipa. Karatasi hizo mbili husafiri mbalimbali na kukutana kwenye kaunta tu. Mpokeaji akifika anaulizwa: nani kakutumia? Jina la mtumaji halimo kwenye hati aliyoshika; limo kwenye karatasi ya pili. Aliyeiba bahasha njiani ana hati lakini hana jina. (Isipokuwa mtumaji awe ametia ndani ya bahasha hiyohiyo barua ndefu ya salamu na kusaini jina lake kamili. Watu walifanya hivyo sana.)

Ona basi kwamba fedha yenyewe haikusafiri. Noti zilizotolewa Tarime zilibaki kwenye sanduku la posta ya Tarime. Zilizolipwa mbele ya safari zilikuwa nyingine kabisa. Kilichosafiri ni neno, likiwa limegawanywa vipande viwili ili asiwepo mtu mmoja njiani anayelijua lote. Ndugu yake mani oda, yaani ile posta oda yenye thamani iliyokwisha kuchapwa, haikuwa na kipande cha pili. Iliweza kulipwa posta yoyote, na kwa hiyo ilipendwa na walioagiza vitabu na masomo ya posta kutoka Nairobi na London. Kinga yake ilikuwa mistari miwili ya wino: ukiichora, posta oda inalipwa kwa kupitia akaunti ya benki tu. Mistari miwili! Na wapo waliosahau kuichora.

Mataifa nayo yalihitaji kuaminiana kwa namna hiyo. Umoja wa Posta Duniani uliundwa mjini Bern mwaka 1874, na kufikia 1878 nchi kadhaa zilikuwa zimekubaliana kulipiana mani oda, kisha posta zikae na kukokotoa nani anamdai nani. Hapo ndipo Kiswahili kinapotuonea huruma sisi wasomi. Dunia nzima leo ikisema "hawala" inamaanisha mtandao wa wafanyabiashara wanaolipiana kwa simu na kwa heshima bila benki, na polisi wa nchi nyingi hulisikia neno hilo kwa wasiwasi. Kamusi zetu zinaiita hawala hata hati ya kutuma fedha kwa posta au benki. Mimi naona wenye kamusi wako sahihi kuliko polisi. Kazi ni ileile: mtu hapa, mtu kule, neno kati yao, na deni litakalolipwa baadaye. Tofauti ni nani utamshika neno likipotea. Karani ana muhuri na daftari. Mwenye duka ana jina lake. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Simu ya mkononi haikubadilisha msingi huo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu 2015 imewezekana kutuma kutoka laini ya Vodacom Tanzania kwenda laini ya Safaricom. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Jina hilo ni ile karatasi ya pili iliyorudi kwa sura nyingine. Na wezi wanajua. Ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii" hauvunji mtambo wowote. Unamngojea mtu aliyekuwa anataka kutuma fedha kweli, mwenye haraka, atakayepita juu ya jina bila kulisoma.

Mpakani Sirari watu wengi hawahitaji hata huduma ya kuvusha. Wana laini mbili, moja ya kila nchi, na fedha huvuka pale mwenye kibanda anapopokea shilingi za Tanzania mkononi na kutuma za Kenya kutoka simu nyingine. Uliza anachenji kwa bei gani. Ada ya muamala imebandikwa ukutani, lakini gharama kubwa kwa kawaida imejificha kwenye bei ya kubadilishia, na hiyo huambiwa kwa mdomo. Mugumu na Tarime mjini utakuta pia wanaoagiza magari Japani kwa kile wanachokiita TT. Herufi hizo ni za uhamisho wa fedha kwa telegrafu (telegraphic transfer). Telegrafu imekufa, jina linaendelea kulipwa ada benki.

Kuna jambo vitabu vya fedha havitakuambia. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, katika kitabu chake cha 1989, aliandika jinsi Wajaluo wa magharibi ya Kenya wanavyoiita "chungu" fedha iliyotokana na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku au bangi, na kuikwepa katika mahari. Wajaluo hao wana ndugu huku kwetu Mara, na dhahabu ya Nyamongo iko Tarime. Je, fedha chungu ikipita kwenye simu inabaki chungu? Sibel Kusimba, aliyetafiti Kenya na kuchapisha mwaka 2021, anaonyesha kwamba fedha ya simu hubeba undugu, aibu na siri za nyumbani. Kwa upande wetu wa mpaka swali hilo lina nafasi ya tasnifu nzima.

Ukienda Sirari, nenda siku ya soko, kaa kwenye benchi la wakala, na umwombe akuonyeshe namna alivyopiga mistari daftari lake. Majina ya wateja ayafunike kwa kiganja. Utaona tarehe, kiasi, namba ya simu, sahihi. Mara nyingi kuna safu moja pembeni isiyo na kichwa. Humo ameandika kwa kalamu nyingine: shemeji, mama wa gengeni, kijana wa bodaboda kaja badala yake.