Olimpiki haikuwafanya Wachina wazalendo, na AFCON haitatufanya sisi

Kila nikirudi kwetu Mlangali, mkoani Njombe, likizo naulizwa swali lile lile, na nimechoka kulijibu kwa upole. Wanaliuliza walimu, wanaliuliza madiwani, wanaliuliza vijana wa bodaboda pale stendi ya Makambako wakishajua kwamba nafundisha historia ya China: "Mwalimu, Wachina waliandaa Olimpiki wakawa wazalendo kupindukia. Sasa sisi tukiandaa AFCON 2027 na Kenya na Uganda, vijana wetu si nao watabadilika?" Anayeuliza huwa ameshajijibu, kwangu anataka mhuri tu. Mhuri huo siutoi, kwa sababu jambo analoliamini halikutokea.

Imani yenyewe inakwenda hivi. China ilikuwa na watu zaidi ya bilioni moja, kila mmoja akihangaika na lake. Serikali ikajenga uwanja wa Kiota cha Ndege, ikafungua michezo usiku wa tarehe 8 Agosti 2008, na tangu hapo taifa likawa kitu kimoja. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa.

Anza na 1990. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu jeshi liwapige risasi waandamanaji Beijing, Juni 1989, na mji huo huo ukaandaa Michezo ya Asia. China ikazoa dhahabu kuliko nchi nyingine yoyote. Kama kuandaa mashindano kungetosha kuzaa wazalendo, chama tawala kingepumzika. Hakikupumzika. Mwaka 1994 kilitoa mwongozo wa elimu ya uzalendo uliopelekwa mashuleni na kwenye makumbusho, watoto wakafundishwa madhila ambayo China ilitendewa na mataifa ya nje tangu Vita vya Afyuni, karibu na mwaka 1840. Vijana waliopeperusha bendera mwaka 2008 wengi wao walikuwa wamekalia madawati hayo miaka mingi kabla ya Kiota cha Ndege kuchimbiwa msingi.

Halafu kuna 1993. Septemba mwaka huo, huko Monte Carlo, Beijing ilinyimwa Olimpiki ya 2000 kwa kura mbili: Sydney 45, Beijing 43. Miezi miwili kabla, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa limepitisha azimio la kuipinga Beijing. Wachina wengi waliliweka moyoni. Hasira ile ya kitaifa ilitokana na mashindano ambayo hawakuyaandaa kabisa. Mwenye imani ya kwamba uenyeji ndio unaozaa uzalendo anieleze hapo.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa 2004, na ndio watu wasioujua kabisa. China iliandaa Kombe la Asia. Japani ilipangiwa kuchezea Chongqing, mji ambao ndege za kijeshi za Japani ziliupiga mabomu mwaka baada ya mwaka kuanzia 1938. Wimbo wa taifa wa Japani ulipopigwa, uwanja ulizomea. Tarehe 7 Agosti, Beijing, Japani ikaifunga China 3-1 kwenye fainali, na moja ya mabao hayo Wachina wanasema hadi leo kwamba liliingia kwa mkono. Nje ya uwanja bendera za Japani zikachomwa na gari la ubalozi likavunjwa kioo. Serikali ilikuwa imemwaga maelfu ya polisi, kwa sababu ilichotaka ni kuonekana mwenyeji mstaarabu anayeaminika kwa Olimpiki ijayo. Haikuupata ustaarabu huo. Mashindano yaliwapa watu mahali pa kukusanyika na mgeni wa kumzomea. Chuki walikuja nayo kutoka nyumbani.

Mkulima wa viazi wa Njombe anajua kwamba mbolea hukuza kilichopandwa, na magugu nayo huyakuza. Mashindano makubwa yanafanya kazi hiyo hiyo kwa hisia za utaifa.

Sasa tuje 2008 yenyewe. Sisi tunaokimbiza Mwenge wa Uhuru kila mwaka tunaelewa upesi mwenge unabeba nini. Beijing ilipanga mwenge wake wa Olimpiki uzunguke kilomita 137,000. Machi mwaka huo kulikuwa na ghasia Tibet na serikali ikazizima kwa nguvu, hivyo mwenge ulipofika London tarehe 6 Aprili ulipokelewa na watu waliotaka kuunyang'anya na kuuzima. Kesho yake, Paris, uliangukia mikononi mwa Jin Jing, mchezaji wa mchezo wa vitara aliyekatwa mguu wa kulia utotoni kwa sababu ya saratani. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwandamanaji alipomrukia, Jin Jing aliukumbatia mwenge kifuani na kugeuza uso, akakataa kuuachia. Picha hiyo ilifanya kazi ambayo sherehe yoyote ya ufunguzi isingeifanya. Waliochemka zaidi walikuwa Wachina waliokuwa masomoni ng'ambo, wakaanza kuusindikiza mwenge kwa maelfu. Nyumbani watu wakaanza kususia maduka ya Carrefour kwa kuwa ni ya Wafaransa.

Kinachofuata ndicho ninachotaka msomaji akishike. Jin Jing mwenyewe alisema watu wafikiri vizuri kabla ya kususia, maana wafanyakazi wa Carrefour ni Wachina. Mwezi ule ule, wengi waliokuwa wakimwita shujaa wakamwita msaliti. Serikali nayo ikabidi iombe utulivu kwa moto ambao haikuuwasha peke yake na haikuweza kuuzima itakavyo.

Sisi tumo katika habari hiyo. Tarehe 13 Aprili mwenge ulitua Dar es Salaam, kituo chake pekee barani Afrika. Ulianzia stesheni kuu ya TAZARA, reli hii hii inayopita Makambako, ukaishia Uwanja wa Taifa uliojengwa kwa msaada wa China na ambao leo tunauita Benjamin Mkapa. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa miongoni mwa wakimbizaji, akajitoa kwa sababu ya mambo ya Tibet na haki za binadamu. Mbio zenyewe zilikwisha salama. Kwa mtazamaji wa China njia ile ilisema jambo moja: wakubwa wa dunia wanatudhalilisha, marafiki wa zamani hawajatuacha. Sisi tuliona sherehe. Wao waliona jibu kwa London na Paris. Utaifa wa mwenyeji hujengwa zaidi na jinsi anavyodhani anatazamwa na wengine.

Na umoja ule wa Agosti? Sehemu yake kubwa ililetwa na msiba. Tarehe 12 Mei tetemeko la ardhi lilipiga jimbo la Sichuan. Walikufa watu wapatao 69,000 na maelfu wengine hawakuonekana tena. Watu walipanga foleni kutoa damu, wakaendesha magari yao usiku kupeleka maji. Kwenye ufunguzi, kando ya Yao Ming, yule mchezaji mrefu wa mpira wa kikapu, alitembea Lin Hao, mtoto wa miaka tisa aliyewaokoa wenzake shuleni. Machozi ya usiku ule yalikuwa ya Sichuan. Ila wazazi waliouliza kwa nini shule zilianguka wakati majengo ya jirani yamesimama walinyamazishwa. Nao walikuwa Wachina.

Mwaka 2022 Beijing iliandaa tena, safari hii michezo ya baridi, bila kuuza tiketi kwa umma kwa sababu ya korona. Wasichana wawili waliozaliwa California waliichezea China. Eileen Gu alishinda dhahabu mbili akapendwa nchi nzima. Zhu Yi alianguka kwenye barafu na mtandao wa Weibo ukajaa matusi dhidi yake. Utaifa wa namna hiyo unampenda mshindi, na asiyeshinda anahojiwa uraia wake.

Turudi nyumbani, maana na sisi tumeshaandaa. Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa mashindano ya soka ya CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Tarehe 2 tuliifunga Burkina Faso 2-0 pale Mkapa, tukafika robo fainali, Morocco ikatutoa kwa bao moja tarehe 22. Vibanda umiza vilijaa na furaha ilikuwa ya kweli. Mimi pia nilishangilia. Lakini tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, yalizuka maandamano na damu ikamwagika, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Miezi miwili tu tangu fainali. Sisemi mpira ulileta hayo. Nasema mpira haukuyazuia, na asiyeliona hilo hataki kuona.

Kwa hiyo tufanye nini kabla ya 2027? Upesi upesi. Mwalimu, fundisha historia ya nchi hii pamoja na makosa yake. Mtoto aliyefundishwa sifa tupu huvunjika siku ya kufungwa. Diwani, usiahirishe maji na barabara kwa hoja ya AFCON. Mtangazaji, usimtukane mgeni ili upate wasikilizaji, na wimbo wake wa taifa ukipigwa wafundishe watu kusimama. Shabiki, mchezaji akikosa penalti amekosa penalti. Usimuulize kabila lake wala uraia wake. Wa Simba na wa Yanga mnaoshangilia timu ya nje ili mwenzenu alie, kaeni mlitazame hilo wenyewe. Wakenya na Waganda ni wenyeji wenzetu, tusiwageuze maadui kwa ajili ya tambo za mitandaoni. Anayeuliza uwanja umegharimu kiasi gani ajibiwe kwa takwimu, asiitwe msaliti. Wachina wameonja neno hilo na halijawasaidia. Na kiongozi anayetaka kujua kama vijana wanaipenda nchi asisubiri filimbi ya AFCON. Aende akawaulize vijana wenyewe, na wakimjibu awasikilize hadi mwisho.