Baba Anapopunguzwa Kazi

Akina mama wenzetu, mwezi huu tuzungumzie barua ambayo hakuna mama anayependa kuiona: barua ya kumwachisha baba kazi.

Dada mmoja wa kikundi chetu cha wanawake aliikuta mfukoni mwa suruali alipokuwa anataka kufua. Ilikuwa na wiki saba. Wiki zote hizo mumewe aliaga kila asubuhi na kurudi jioni kama kawaida, kumbe alikuwa akishinda kijiweni. Hatumcheki. Aibu ya namna hiyo ni nzito, na sisi wauguzi tunayaona matokeo yake: presha inapanda, usingizi unakimbia, dawa zinaachwa eti kubana matumizi. Lakini siri ile iliwagharimu. Kwa sheria za Tanzania, anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, inabidi kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi za kuchelewa.

Basi, kaeni chini muisome barua hiyo pamoja, watoto wakishalala. Tazameni kama malipo yote yametajwa: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakwenda, na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 au fedha badala yake. Halafu kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kazi mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, lakini haihesabu zaidi ya miaka 10. Aliyefanya miaka 8 anapata wa siku 56. Aliyefanya miaka 15 anapata wa siku 70, basi. Mwajiri anaweza kutoa zaidi, ila msihesabu fedha ambazo hazijaandikwa. Aombe pia cheti cha utumishi; ni haki yake.

Kisha NSSF. Wengi wanadhani akiba yote hutolewa mara moja. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, mwanachama aliyeachishwa kazi (si aliyeacha mwenyewe) na aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi sita. Aliyekuwa akipata shilingi 300,000 atapata kama 100,000 kwa mwezi. Hazitoshi, lakini zinanunua unga na maharage. Na kama michango ilikatwa kwenye mshahara bila kufikishwa kwenye mfuko, hapo ndipo mtakapogundua. Kwa hiyo tunzeni hati zote za mshahara.

Fedha zikiingia, ndugu watasikia. Atakuja shemeji mwenye wazo la kuku wa mayai, na mwingine anayetaka mkopo wa wiki mbili. Tumeona kiinua mgongo cha miaka mingi kikiishia kwenye banda la kuku lililopigwa na kideri. Sisi tungeshauri mkae miezi mitatu bila kuanzisha biashara yoyote. Toeni kodi ya nyumba na ada kwanza, nyingine ziwekeni benki. Mwalimu mkuu aelezwe mapema kama ada italipwa kidogo kidogo, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Mkopo wa riba ya kila wiki msiuguse kabisa, hata kwa ajili ya harusi ya mdogo wenu.

Dawa za presha na sukari zisikatwe. Kama kadi ya bima ilitokana na kazi, ulizeni mapema itafika mwisho lini, na mwambieni daktari ukweli ili awaandikie dawa ya bei nafuu.

Dada yetu yule? Ombi la kuongezewa muda lilikataliwa. Fao la NSSF walilipata, na siku hizi mumewe ndiye anayekwenda sokoni alfajiri kumchukulia nyanya za genge. Anajua kupatana bei kuliko yeye.