Dawa ya Lukenya Haifai Baharini

Msomaji ataniuliza, Lukenya na bahari wapi na wapi? Lukenya ni kilima cha mawe huko Machakos, kando ya njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Lakini mwenye mashua huku kwetu, injini yake kongwe ikianza kuvuja maji, aghalabu humwendea fundi wa magari, na ujuzi wa fundi huyo ni wa njia ile. Lori lililopanda kutoka pwani na shehena yake hufika huko juu likitoa mvuke, na madereva wana dawa yao ya tangu zamani: ute wa yai, au bizari, hutiwa ndani ya rejeta, ukazunguka na maji mpaka ukaganda penye ufa.

Dawa hiyo baharini haifai kitu. Lori hubeba maji yake na kuyazungusha yale yale. Injini nyingi kongwe za mashua huyanywa maji ya bahari upande mmoja na kuyatema upande wa pili. Yai ulilolitia asubuhi, adhuhuri wamekwisha kulila samaki.

Basi kwanza na itafutwe penye kuvuja. Injini ipanguswe ikauke kabisa, inyunyizwe jivu au unga wa chaki, kisha iwashwe. Maji yatachora njia yake yenyewe. Yakitoka kwenye mpira, kata ncha iliyochakaa uukaze upya kwa kibano kisichoshika kutu, kama urefu wake waruhusu, kazi imekwisha.

Pampu ya maji ndiyo yenye hila. Pampu nyingi zina kitundu kidogo chini yake, na wengi wakiona chadondosha maji hukiziba kwa sabuni au kijiti, wakajiona wameokoa fedha. Sura ya al-Kahf twaisoma kila Ijumaa, na kisa cha Khidhri kuitoboa jahazi ya maskini twakijua: lile tundu lilikuwa na heri ndani yake. Na hili pia, kwa namna yake, ni tundu la heri. Limewekwa ili mpira wa ndani ukichakaa, maji yatoke nje uyaone. Ukiliziba, maji ya chumvi hutafuta njia ya kuingia kwenye oili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, zima injini. Mpira ule ni kitu kidogo. Injini iliyoliwa na chumvi ndani haina fundi wa bei nafuu, na injini ikizimika nje ya mwamba wakati wa kusi, tanga nalo liliachwa nyumbani siku nyingi, watu wako hatarini.

Hapo penye mhimili wa rafadha, unapotokea nje tezini, ndipo rahisi ya kweli ilipo, nayo ni yetu wenyewe. Pale pana kikombe cha chuma chenye duru za kamba iliyotiwa mafuta, zikabanwa kwa kofia. Kwanza kaza nati za kofia kidogo kidogo, zote sawasawa. Isiposaidia, ngoja maji yakupwa, chombo kikae mchangani, uzivute duru kuukuu kwa kulabu. Kamba ya dukani ikikosekana, pamba ya kalafati iliyosukwa vizuri ikalowa shahamu hufanya kazi ile ile mpaka ipatikane. Kata kila duru kwa mshazari, na maungio yasipangane mstari mmoja.

Usikaze mpaka pakauke. Mhimili wataka matone machache kwa dakika unapozunguka, yaupoze. Ukikaushwa hupata moto na kuchubuka, na duru mpya hazitaushika tena. Chombo kikielea, washa, shika mhimili wa saa yako, uyahesabu matone. Yakizidi, robo mzunguko tena kwa spana.