Aliye Tayari Hakisii

Tarehe 28 Agosti 2011, mjini Daegu, Korea Kusini, Usain Bolt wa Jamaika, mwenye mbio kupita watu wote, aliinama mstarini katika fainali ya mita 100. Aliondoka kabla ya mlio wa bastola, akatolewa. Mwenzake, Yohan Blake, akashinda kwa sekunde 9.92.

Yatupasa kufahamu sababu. Mlio hauna budi kuingia sikioni na kufika akilini, ndipo amri iteremke miguuni. Hivyo aondokaye kabla haijatimia sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya mlio huhesabiwa kuwa ametangulia.

Aliyeonywa kwanza hujibu upesi kuliko aliyeshtukizwa, maana mawazo yake yamekwisha kusanyika. Lakini utayari huo haudumu. Akingojeshwa mno hulegea. Tena, muda wa kungoja ukiwa ule ule kila mara, mtu huanza kuukisia. Kwa hiyo mpiga bastola hafuati kipimo kimoja.

Basi, walimu wafundishao mbio na wawaonye vijana wao: kujiweka tayari ni kuutegea mlio sikio, wala si kuutangulia. Haraka haraka haina baraka.