Ugonjwa Haungoji: Juu ya Matunzo ya Kwanza ya Afya katika Milima ya Fizi

Mara nyingi katika milima ya Fizi padri ao katekista huitwa kwa mgonjwa mbele ya mganga. Twamshukuru Mungu kwa imani ya wale wanaomwita. Lakini yatupasa kuuliza: kwa nini mganga ameitwa nyuma, ao hakuitwa kabisa? Wengi hujibu, "Ni umaskini," kisha hunyamaza. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mwenye kutaka kuondoa mawe njiani hana budi kuyaangalia moja moja.

Tueleze kwanza maneno yenyewe. Mwaka 1978 wajumbe wa serikali nyingi walikutana Alma-Ata, wakapatana juu ya "matunzo ya kwanza ya afya". Hayo si matunzo madogo ya watu wadogo. Ndiyo yale yanayopaswa kumfikia kila mtu karibu na nyumba yake: chanjo, maji safi, chakula chenye kujenga mwili, uzazi salama, dawa za magonjwa ya kila siku, na mafundisho ya afya. Nchi yetu, ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilifuata shauri hilo, ikagawanywa katika zoni za afya. Leo zoni hizo ni 519. Kila zoni yapaswa kuwa na hospitali yake kubwa, na chini yake vituo vya afya vyenye kutunza vijiji. Katika teritwari ya Fizi kuna zoni za Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe.

Mpango huo ni mzuri. Mbona basi mama wa mlimani hafikiwi? Wataalamu wa mambo ya uzazi hufundisha kwamba kuna machelewo matatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa njiani, na kuchelewa kutunzwa mtu akiisha kufika. Hesabu hiyo yafaa kwa magonjwa mengine pia.

Tuanze na njia, kwa maana yaonekana na wote. Baraka iko kando ya ziwa, kadiri ya mita 770 juu ya bahari; nyuma yake milima ya Itombwe yapita mita 3,000. Vijiji vingi vya huko havina barabara ya motokari. Hata barabara kubwa namba 5, itokayo Uvira kupita Baraka na Fizi kwenda Kalemie, huharibika wakati wa mvua. Mgonjwa huchukuliwa katika tipoyi, vijana wakipokezana. Mto ukijaa, wote hungoja. Tena, tangu vita vya mwaka 1996, kuna hofu ya watu wenye silaha, na hofu ya kupita katika kijiji cha kabila lingine. Mbembe aogopa njia hii, Munyamulenge aogopa ile, na mtoto wa huyu na wa yule wana homa moja.

Tukitazama kituo chenyewe, tutaona kwamba mara nyingine mganga yupo lakini dawa zimekwisha. Mara nyingine mshahara wa serikali haumfikii, basi huishi kwa malipo ya wagonjwa. Vita navyo huzidisha shida. Shirika la Waganga Wasio na Mipaka lilianza kazi Baraka mwaka 2003. Mwaka 2020 lilitangaza kwamba laondoka Fizi, kwa kuwa watu wake walishambuliwa. Anayempiga mganga huwapiga na wagonjwa wote waliokuwa wakimngoja.

Yabaki lile la kukata shauri, nalo huanza nyumbani. Mama hungoja mume aliyekwenda kutafuta zahabu. Jamaa hungoja mbuzi auzwe. Wengine huenda kwanza kwa mwaguzi ili wajue ni nani aliyeroga. Tusiseme upesi kwamba huo ni ujinga tu. Mtu aliyeona jirani akizuiliwa katika hospitali na mtoto wake mchanga kwa sababu ya deni, hataharakisha kwenda huko.

Lakini ugonjwa haungoji. Homa ya maleria ya mtoto yapasa kupimwa na kutiwa dawa katika saa 24. Mama mwenye kutoka damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika saa mbili. Kolera, tunayoijua sana kando ya ziwa, yaweza kumwua mtu mzima kwa siku moja. Saa zilizopotea nyumbani hakuna mganga awezaye kuzirudisha.

Hapa ndipo kazi yetu. Barabara hatuwezi kuitengeneza peke yetu, wala vita kuvizima kwa siku moja. Lakini shauri la nyumbani hukatwa kijijini, na huko katekista yupo kila siku. Jambo hili si geni kwetu. Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni karibu na mto Niger na kukombolewa na wamisionari, alisoma uganga Malta. Alitumika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa daktari na katekista pamoja, mpaka alipokufa mwaka 1956.

Si kila katekista atakuwa Atiman, wala asitie mtu sindano asiyojifunza. Lakini aweza kutangaza siku ya chanjo baada ya sala ya siku ya Mungu. Aweza kuonyesha wamama maji ya kumnywesha mwenye kuhara: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi; kisha apelekwe kituoni. Kila shirika laweza kuwa na kasha la wagonjwa, ili mbuzi asingojewe, na vijana wa tipoyi waliopangwa mbele. Na tufundishe bila kuchoka kwamba sala haishindani na dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atuagiza kumheshimu mganga, maana Mungu ndiye aliyemwumba.

Tarehe 28 Novemba 1964, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku ileile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Mwaka 2024 Kanisa liliwatangaza Wenye Heri, huko Uvira. Hawakuwaacha watu wao.

Basi ninyi waseminari, mtakaporudi nyumbani kwa likizo, hesabuni saa za njia toka kijiji chenu mpaka kituo cha afya. Ulizeni ni nani aliyekufa mwaka huu bila kufika, na ni kwa sababu gani. Andikeni, mkampe padri wa parokia na mganga wa kituo. Kazi yaweza kuanza hapo.