Mtoto Mahututi Hapangi Foleni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye mapafu. Leo tusimame mlangoni mwa hospitali, kwa kuwa watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza, na baadhi yao huzimikia mapajani mwa mama kwenye benchi, kadi ikingoja kuitwa.

Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, ilikuwa na benchi kama hilo. Profesa Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi na kuwafundisha wahudumu kumtofautisha mtoto aliye hatarini na anayeweza kusubiri. Vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18. Vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Shirika la Afya Duniani lina kozi ya kazi hiyo, ETAT, na Kenya ikaipanua kuwa ETAT+. Napenda jambo moja ndani yake: hata karani na mlinzi wa getini hufundishwa, maana ndio wanaomwona mtoto kwanza.

Ukaguzi una mpangilio: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu na degedege, kisha maji mwilini kwa anayeharisha. Tuchukue mfano wa mzunguko wa damu. Shika mkono, ni wa baridi? Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, uachie, uhesabu. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, na mapigo ni dhaifu tena ya mbio, mtoto yuko kwenye shoku, yaani damu haizunguki ipasavyo.

Na hapo? Zamani tulijibu bila kusita: dripu, tena ya kasi. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, ukatutia adabu. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri walishiriki, Kenya, Uganda na Tanzania. Wa kuharisha hawakuwemo. Kati ya waliomiminiwa maji kwa kasi, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiomiminiwa, 7.

Kwa hiyo, wakuu wa hospitali, warudisheni wauguzi na madaktari wenu darasani. Cheti cha mwaka 2010 kilichotundikwa ukutani bado kinaamuru dripu ya kasi.

Itaendelea.